Viroboto na Minyoo kwa Paka: Kipi Ununue Kwanza Nairobi

Ukiona vipunje mfano wa mchele vimenata kwenye manyoya chini ya mkia wa paka, au vimekauka juu ya mto anapolala, hayo ni mapande ya tegu, mnyoo bapa mrefu wa tumboni. Wengi hukimbia agroveti, wakanunua kidonge cha minyoo, vipunje vikatoweka, na baada ya muda si mrefu vimerudi. Lawama huangukia kidonge. Lakini kidonge kilifanya kazi yake: tegu wa kwanza alikufa, na huyu ni mwingine aliyeingia kwa njia ileile. Njia yenyewe ni kiroboto.

Tegu huyu wa kawaida wa paka wa nyumbani haambukizwi kutoka paka hadi paka. Mayai yake humwagika kutoka kwenye yale mapande, yakaliwa na mabuu ya viroboto huko chini ya zulia, na kiroboto anapokomaa huwa tayari amembeba tegu mchanga tumboni. Paka akijilamba, anammeza kiroboto na mzigo wake. Wiki tatu hivi baadaye, vipunje viko tena chini ya mkia. Ndiyo maana katika mwongozo huu dawa ya viroboto inatangulia dawa ya minyoo, ingawa dukani watu huanza na ile ya pili. Pesa ikiwa ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua ya viroboto.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya dawa, hakikisha una tatizo gani. Nunua chanuo la chawa, lile lenye meno yaliyobanana. Mchane paka mgongoni karibu na mkia, kisha ung'utie uchafu juu ya karatasi nyeupe ya chooni uliyoilowesha. Chembe nyeusi zikiyeyuka na kuacha alama za kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu ya paka wako iliyokwisha kunyonywa. Usiseme "sijaona kiroboto hata mmoja." Paka hodari wa kujilamba huwameza wote wanaoonekana.

Jambo la pili ni uzito, maana karibu kila dawa nitakayoitaja hupimwa kwa kilo. Kama huna mizani nyumbani, wale wapima uzito wa kando ya barabara mjini watakufaa: panda mzani umempakata paka ndani ya kikapu, kisha upande na kikapu peke yake, utoe. Paka mzima aghalabu huwa kati ya kilo 3 na 5, ila kukisia kwa macho hudanganya, hasa paka mwenye manyoya mengi.

Sasa tuje kwenye viroboto.

Ninayoiweka ya kwanza ni matone ya selamektini, ambayo pakiti zake huitwa Revolution, na kwingine Stronghold. Unatenganisha manyoya ukosini, pale ambapo ulimi wa paka haufiki, unamimina kichupa kizima juu ya ngozi, basi. Inaua viroboto kwa mwezi mzima, inazuia mayai yao kuanguliwa, na juu ya hapo inaondoa minyoo wa mviringo, safura na utitiri wa masikioni. Kwa paka wa Nairobi anayetoka nje na kurudi, sioni ununuzi unaoipita, kwa kuwa kwa kichupa kimoja unalipia matatizo kadhaa. Haimgusi tegu, hilo ulishike. Advocate, ambayo ni mchanganyiko wa imidaklopridi na moksidektini, iko kwenye daraja hilohilo. Nunua mojawapo utakayoipata kwa uhakika kila mwezi, maana dawa nzuri inayokosekana mwezi wa pili haina faida kubwa.

Ya pili ni fipronili iliyochanganywa na methopreni. Frontline Plus ya paka ndiyo inayojulikana zaidi. Fipronili huua kiroboto mzima, methopreni huzuia mayai na mabuu kukua, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayokupa thamani ya pesa yako. Kuna fipronili tupu pia, na bei yake huwa nafuu. Inafaa ukibanwa, ila uifanyie bidii kubwa zaidi usafi wa nyumba. Usimwogeshe paka siku mbili kabla na siku mbili baada ya kumpaka.

Fluralana, ile ya Bravecto ya paka, naiweka ya tatu. Tone moja hulinda dhidi ya viroboto kwa wiki 12. Bei yake ikitajwa mtu hushtuka, lakini igawanye kwa miezi mitatu kabla ya kuikataa. Ningeipandisha daraja kama ingegusa minyoo. Mwenye paka mkali asiyeshikika, au anayejijua kuwa husahau tarehe, aipandishe iwe ya kwanza. Paka aliyewahi kupata kifafa asipewe kabla daktari hajashauri.

Kola ni ya nne, na namaanisha kola yenye imidaklopridi na flumethrini, Seresto, inayofanya kazi hadi miezi 8. Dawa ni nzuri. Shida ni bandia zake, ambazo zimeenea duniani na macho hayazitofautishi kwa urahisi. Nunua kliniki au usinunue kabisa. Zile kola za rangirangi za bei ya chini zisizotaja hata jina la dawa, ziache hapohapo zilipotundikwa.

Vidonge vya nitenpiramu, yaani Capstar, huanza kuua viroboto ndani ya nusu saa, na baada ya siku moja nguvu imekwisha. Ni vya paka uliyemwokota leo ukitaka aingie ndani usiku huuhuu bila mzigo. Shampuu naiweka mwisho: inaua waliopo, haizuii watakaopanda kesho.

Na kuna usichopaswa kununua kwa bei yoyote. Soma pakiti, utafute neno PERMETHRIN. Dawa hii iko kwenye matone mengi ya mbwa, poda na dawa za kupuliza, na mbwa huivumilia. Ini la paka haliwezi kuivunja. Paka aliyepakwa tone la mbwa lenye permethrini huanza kutetemeka, masikio na uso vikimchezacheza, mate yakimtoka, kisha degedege, na wengi hufa. Sentensi inayowaua paka wetu hutamkwa kwa upole kabisa kaunta: "Hii ni ya mbwa, mama, lakini mwekee nusu tu." Nusu haiokoi, kwa sababu tone la mbwa lina dawa kali mno kwa paka. Ikiwa limeshapakwa, mwoshe paka mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mkaushe, mfunike apate joto, umkimbize kwa daktari na pakiti mkononi. Usimpe maziwa, usimtapishe. Ukiwa na mbwa na paka nyumba moja, hata mbwa asipakwe dawa hiyo, maana hulala pamoja na kulambana.

Amitrazi, dawa ya kuoshea kupe wa ng'ombe na mbwa, nayo ni sumu kwa paka. Poda za wadudu za kunyunyizia hulambwa zote na paka, kwa hiyo unachomwaga mgongoni kinaishia tumboni. Mafuta ya taa huunguza ngozi na mapafu. Vitunguu saumu, ambavyo watu hushauriana kwa nia njema, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka.

Tahadhari moja ya hapa kwetu. Karibu kila muuzaji wa agroveti huitwa "daktari," na wengine wanastahili kweli. Lakini daktari wa mifugo halisi amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na kumwuliza namba yake si utovu wa adabu. Ukihitaji mtu wa kumwona paka mwenyewe, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo chake cha tiba ya wanyama Upper Kabete, na huko hutibiwa pia wanyama wadogo. Usikubali dawa iliyonyonywa kwenye sindano kutoka chupa kubwa: huna pa kusoma jina, uzito wala tarehe ya mwisho.

Upande wa minyoo uchaguzi ni mfupi zaidi. Unachotafuta ni prazikwanteli, kwenye pakiti PRAZIQUANTEL, kwa kuwa ndiyo inayomuua tegu. Kidonge kinachoichanganya na piranteli, kama Drontal ya paka, ndicho chaguo langu la kwanza: kidonge kimoja kwa kilo 4, tegu, minyoo wa mviringo na safura wote wameguswa. Milbemax hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, na ni mbadala mzuri. Paka anayekutoa damu kila ukimfungua mdomo, mtafutie Profender, matone ya ukosini yenye prazikwanteli ndani yake. Bei ni ya juu, lakini dawa iliyotemwa chini ya kochi nayo ina bei yake. Ukitumia kidonge, kifiche kwenye kinofu cha samaki akiwa na njaa, kisha umtazame dakika chache kabla ya kushangilia.

Fenbendazoli ni dawa nzuri kwa minyoo wa mviringo na safura, ila haimwondoi huyu tegu wa viroboto. Piperazini, ambayo ni rahisi kupatikana, huondoa minyoo wa mviringo peke yake. Watu wengi wanaosema dawa imekataa walinunua mojawapo ya hizi mbili kwa tegu. Albendazoli ya watu na dawa za minyoo za mbuzi na ng'ombe usimpe; albendazoli inaweza kudhoofisha uboho wa paka, na kipimo cha ng'ombe hakigawanyiki kwa kijiko.

Paka wa ndani mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Anayekamata panya mpe kila mwezi, kwa sababu panya humletea tegu wa aina nyingine, na hapo hata ukimaliza viroboto wote mlango mmoja umebaki wazi. Nyumba yenye watoto wanaotambaa isichelewe kamwe: mtoto akimeza kiroboto anaweza kupata tegu huyohuyo, na mayai ya minyoo wa mviringo yakiingia mwilini mwa mtu huweza kudhuru hata macho.

Kisha nyumba. Viroboto wazima unaowaona kwenye paka hukadiriwa kuwa asilimia 5 tu ya kundi zima. Asilimia 95 ni mayai, mabuu na vifukofuko ambamo mabuu hujifungia hadi wawe viroboto, navyo viko kwenye zulia, mishono ya kochi, nyufa za sakafu na godoro. Jike mmoja hutaga hadi mayai 50 kwa siku, na mayai hayashiki kwenye manyoya, yanadondoka kila paka anapopita. Nairobi haina baridi ya kuyaua. Julai yetu huyachelewesha tu, na mvua za Machi hadi Mei huyapa unyevu yanaoupenda. Walio kwenye vifukofuko wanaweza kungoja miezi, wakatoka wakihisi mtikisiko na joto la mwili. Familia inayofunga nyumba Desemba kwenda ushago hulakiwa mlangoni Januari na viroboto wenye njaa, hata kama paka alipelekwa kwa jirani.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu wa kupuliza dawa, fanya ya bei nafuu. Fua matandiko ya paka kwa maji moto kila wiki, kisha uyaanike juani. Fyonza zulia na kochi kwa mashine, hata ya kuazima, na uchafu uutoe nje ya nyumba palepale. Kama huna zulia la kudumu, mkeka unaokunjwa na kukung'utwa nje ni rafiki yako. Ukinunua dawa ya kupuliza, iwe yenye piriproksifeni au methopreni, na paka wakae nje ya chumba mpaka ikauke. Hakuna dawa inayopenya kifukofuko vizuri, ndiyo maana utaona viroboto wapya kwa wiki kadhaa baada ya kuanza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kubadili dawa. Usibadili. Endelea miezi mitatu mfululizo, paka wote wa nyumba siku moja.

Kwenye fleti na ploti, paka wa ngazini ni wa kila mtu na si wa mtu. Ongea na majirani wawili watatu mchange dawa yake. Naamini hiyo ni pesa inayotumika vizuri kuliko kununua ya kwako peke yako na kuimwaga kila mwezi kwenye mlango ulio wazi.

Watoto wa paka walio chini ya wiki 8 wasiguswe na matone mengi niliyoyataja. Wachane kwa chanuo mara mbili kwa siku, viroboto uwazamishe kwenye maji ya sabuni, na umtibu mama yao kwa selamektini, ambayo anaweza kupewa hata akinyonyesha. Minyoo wa mviringo hupita kwenye maziwa, hivyo piranteli ianze wakiwa na wiki 3 na irudiwe kila wiki mbili, kwa kipimo atakachokupa daktari. Fungua midomo yao uangalie ufizi. Ukiwa umepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, viroboto wamekwisha kumnyonya damu nyingi, na huyo anahitaji kliniki leo.