Matembezi ya makanisa ya zamani Philadelphia, nyota 4 kwa 5

Kama uko Philadelphia au unapita tu, haya matembezi ya miguu ya makanisa ya zamani ni mazuri kiukweli, na sio lazima uwe Mkatoliki. Mnaanzia Old St. Joseph's, limejificha kwenye kichochoro kinaitwa Willings Alley, unapita geti kama unaingia kwa mtu vile halafu kanisa hilo hapo. Lilianzishwa 1733 na padri Mjesuiti, Joseph Greaton, enzi hizo sheria za Waingereza hazitaki kabisa kusikia misa ya hadharani, mwaka uliofuata wakubwa wa koloni wakaanza kuhoji hawa wanasali kwa ruhusa ya nani, wakaponea kwenye hati ya William Penn, mwanzilishi wa koloni hilo, ya 1701 ya uhuru wa kuabudu. Ila jengo la sasa ni la 1839, usije ukapiga picha ya ukuta ukasema ni wa Greaton.

Hatua chache tu kuna St. Mary's ya 1763 na makaburi yake. Dada anayetuongoza aliganda kwa John Barry, yule komodoo (afisa wa juu) wa jeshi la majini la Marekani, mzaliwa wa Wexford, Ireland, mpaka watu wakaanza kuchezea simu. Mimi nilimtaka Mathew Carey, naye kazikwa hapohapo, kijana wa Dublin aliyekorofishana na serikali kwa magazeti yake akakimbilia Marekani, 1790 akachapa Biblia ya kwanza ya Kikatoliki huko.

Nyota niliyokata ni ya St. Augustine's. Yani hapa ndo penyewe jamani, halafu tukapewa dakika za kuhesabu! Kanisa ambalo hata George Washington alichangia ujenzi wake, Mei 1844 likachomwa moto. Askofu Kenrick aliomba tu watoto wa Kikatoliki wasilazimishwe kusoma Biblia ya Kiprotestanti shuleni, wapinzani wakatangaza kwamba anataka kuitoa Biblia kabisa, ongeza na chuki kwa wahamiaji wa Kiairishi, basi fujo zikalipuka eneo la Kensington, kanisa la St. Michael's likaungua mchana na hii usiku wake, na maktaba ya mapadri ikaenda. Walijenga tena, ndo hilo mnaloliona chini ya daraja la Benjamin Franklin.

Vaeni raba, na mkifika hapo mkatalieni dada kuondoka haraka, maswali anayajibu vizuri sana akibanwa.