TAHADHARI: Muuzaji wa "lulu za asili za Bahrain" hapa Muscat

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na fedheha, kwa sababu kile kidani mlichokisifu kwenye shughuli ya mwanetu kimethibitika kuwa ni cha lulu za kufugwa, yaani zilizoanzishwa na binadamu ndani ya chaza, na yule bwana aliyeniuzia kwa bei ya lulu za asili bado anazunguka kwa jamaa zetu akitafuta wanunuzi.

Alikilaza kidani juu ya kitambaa chekundu akanitaka nichague punje yoyote. Ile niliyoigusa aliisugua taratibu kwenye ncha ya jino lake, kisha akanipa na mimi nijaribu, nikahisi mkwaruzo kama wa mchanga laini. "Mama, kioo huteleza, lulu hukwaruza," akasema. Akaongeza kwamba Bahrain imepiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa, hivyo kinachotoka huko hakiwezi kuwa kingine ila cha asili, akanionyesha na hati yenye muhuri.

Nilimwamini kwa sababu mambo hayo mawili ni ya kweli. Marufuku ya Bahrain ipo, na jino hutenganisha lulu na kioo. Udhalimu wake ni kuzitumia kweli hizo kufunikia uongo, kwa kuwa sheria ya Bahrain haimfuati mtu anayeuza Muscat, na jino halisemi lolote kuhusu asili ya lulu. Mtaalamu wa maabara alinieleza kwamba kinachokwaruza ni tabaka nyembamba za aragoniti, madini ya chokaa yanayojenga lulu, na chaza huzitandaza vilevile, awe ameanza mwenyewe au amepandikizwa kiini na mkono wa binadamu. Tofauti imo ndani. Lulu ya asili ina pete zinazoanzia katikati, kama kitunguu kilichokatwa, ilhali hizi za baharini za kufugwa kwa kawaida huwa na kiini cha duara kilichochongwa kutoka ganda la kome wa mtoni, aghalabu wa bonde la Mississippi huko Marekani. Kwenye picha ya eksirei, kila punje ya kidani changu ilionyesha duara kubwa lililozungushiwa mstari mweusi, na juu yake ngozi nyembamba ya lulu. Lulu duara za Kijapani zilipoingia Ulaya miaka ya 1920 na kuwatia hofu wafanyabiashara, ni eksirei na vifaa vya kuchungulia ndani ya tundu la kupitishia uzi vilivyotegemewa, kwa sababu jicho tupu lilikuwa limeshindwa.

Mtu wa namna hii hastahili kuonewa haya. Anyang'anywe leseni kama anayo, arudishe fedha za kila aliyemdhulumu, na ashtakiwe hadharani, kwani anaharibu jina la lulu ambazo wapiga mbizi wa Ghuba walizifuata chini ya bahari kwa pumzi zao.

Dalili zake ni hizi: punje zote zilikuwa duara na karibu sawa kwa ukubwa, jambo ambalo ni nadra mno kwa lulu za asili, hati haikuwa na uzito wala picha ya kidani chenyewe, na nilipotaka uzi ulegezwe tuangalie matundu kwa lenzi ya sonara, alikataa.

Ninapeleka malalamiko kwenye mamlaka ya kulinda watumiaji pamoja na ripoti ya eksirei. Yeyote aliyenunua kwake aniandikie faraghani, tuyapeleke kwa pamoja.