Zein au Bhalo, usiku huu uskize nani?

Kama una bando kidogo na umejikalia zako barazani hapa Lamu upepo wa bahari unapiga, mi ntakwambia anza na Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab, mtoto wa hapahapa. Udi wake, ile ala ya nyuzi ya Kiarabu, haukimbii, anaugusa taratiibu kama anaujaribu vile, hajaimba hata neno, afu sauti ndo inaingia na we chai ishakupoa mkononi. Mapigo ya Kiarabu Kiarabu, tungo za zamani, kuna maneno mpaka leo namuuliza bibi.

Juma Bhalo wa Mombasa habari nyingine kabisa. Yeye ni tyuni za filamu za Kihindi, tabla na kinanda, mashairi mengi kaandikiwa na nduguye Ahmad Nassir, na sauti inalia wallahi, kama umeachwa juzi usimguse. Alifariki 2014. Rekodi zake nyingi huko YouTube zimetolewa kwenye kanda, zinakwaruza, mi hata huo mkwaruzo naupenda.

Wangu ni Zein. Ila nikiwa jikoni nakaanga viazi karai naweka Bhalo, manake udi unamezwa na mafuta husikii kitu.