Niliomba pamba, wakaniuzia poliesta

Pasi ndiyo iliyofichua kila kitu. Fundi wangu alikuwa ameshamaliza gauni la kwanza kati ya kumi na manne, akapandisha moto hadi vidoto vitatu kama anavyofanya siku zote kwa kitenge cha pamba, akaiweka pasi juu ya mkono wa gauni. Kitambaa kikanywea. Kikajikunja kama mfuko wa rambo ulioangukia jiko la mkaa, na pasi ilipoinuliwa ikaondoka na utando wa kahawia chini yake. Akanipigia simu: "Dada, hii pamba umeuziwa na nani?"

Niliuziwa Kariakoo, duka moja upande wa Mtaa wa Uhuru. Jina silitaji. Zilikuwa sare za send-off ya mdogo wangu, doti kumi na nne, na hela ilikuwa ya kuchangishana, tena kuna shangazi aliyeuza kuku ili atoe sehemu yake. Muuzaji nilimwambia mara tatu nataka pamba. Nikamweleza na sababu: mama yangu ana miaka sabini na ushee, joto la Dar linamtesa. Akanifunulia ukingo wa kitambaa, kimeandikwa kwa Kiingereza pamba asilimia mia. "Soma mwenyewe, dada." Nikasoma, nikalipa.

Jioni ile nilikwenda kwa fundi, akachomoa nyuzi mbili, mmoja wa mtande, yaani wa urefu wa kitambaa, na mmoja wa mshindio, unaokatiza upana. Anasema ukichoma mmoja tu unaweza kudanganyika, maana wengine huchanganya, pamba huku na poliesta kule. Akawasha kiberiti. Uzi haukuwaka kama nilivyotarajia, ulirudi nyuma ukiukimbia moto, ukatoa moshi mweusi, ukaacha punje ndogo nyeusi. Nikaibana punje kwa kucha, ngumu kama mbegu ya mchicha. Wa pili, vilevile. Kisha akachomoa uzi kwenye kipande cha khanga kuukuu anachofutia cherehani. Huo ukashika moto mara moja, ukanuka karatasi iliyoungua, jivu lake la kijivu likapeperuka kwa pumzi yangu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi, ila akaniongezea kwamba rayoni, kitambaa kingine ambacho si pamba, nayo huwaka hivyohivyo kama karatasi, kwa hiyo uzi wake ulowanishe uuvute: rayoni ikilowa hukatika kirahisi, pamba haikatiki.

Shughuli ilikuwa imebaki siku tatu na hela imeisha. Tukashona. Fundi akapiga pasi ya uvuguvugu, ametandika kitambaa juu, na siku yenyewe kwa macho tulipendeza, siwezi kusema uongo. Rangi ziliwaka, hakuna gauni lililokunjamana hata baada ya kukaa saa sita ukumbini. Lakini poliesta hainywi jasho. Pamba hulinyonya, upepo ukipita unapata nafuu, huku hii jasho linabaki baina yako na nguo. Kabla keki haijakatwa mama alikuwa ameloa mgongo mzima. Usiku namvua nguo, harara imemjaa shingoni, chini ya matiti, kwapani, nyekundu, zingine zimeshachubuka kwa kujikuna. Hakuniambia ukumbini kwa sababu hakutaka kuniharibia. Akaomba khanga yake ya zamani, ile iliyofuliwa mpaka wanga wote umetoka, laini kama ngozi ya mtoto, akajifunga hiyo akalala.

Nilirudi dukani baada ya siku chache, mama akasisitiza tufuatane. Kusema kweli nilikwenda bila ugomvi. Ningeambiwa "tumekosea, tuliuziwa hivyo kwenye jumla" ningeelewa, maana maandishi ya ukingoni huchapwa kiwandani, si yeye aliyeyaandika. Yule kijana hakumpa mama hata shikamoo. Nilipotoa kipande na punje nyeusi niliyoitunza kwenye karatasi, alicheka mbele ya wateja: "Mama, joto ni la Dar, si la kitambaa. Kwa bei ile mlitegemea nini?" Mama akanishika mkono, akasema twende zetu mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hela.

Na tusisahau tuko nchi gani. Pamba inalimwa Simiyu, Shinyanga, Mwanza, na nyingi inasafirishwa nje bila kufumwa hapa. Mama yangu amevaa khanga za kiwanda cha Urafiki cha hapa Dar ujana wake wote, hakuwahi kuuliza kama ni pamba. Leo mwanawe anaiomba pamba kwa jina, anaelezea na sababu, bado anapewa plastiki iliyochapwa maua.

Sasa duka lenyewe nilipe daraja gani? Nikitulia nasema poliesta haina kosa. Mapazia ya sebuleni kwangu nilinunua hapohapo zamani, ni poliesta, jua la magharibi linayapiga kila siku na hayajapauka, ukiyafua asubuhi adhuhuri yamekauka. Sare ya shule ya mchanganyiko nayo humfaa mtoto, haisumbui kwa pasi. Bei zao ziko chini, na binti wa kaunta aliyenipimia kitambaa alikuwa mpole. Kwa hiyo nilitaka kuandika: kwa mapazia nendeni, kwa nguo ya mwilini chomoeni uzi kwanza, muuchome palepale dukani, akikataa muondoke.

Lakini nimeandika hadi hapa nikaikumbuka shingo ya mama, na kile kicheko. Hapana. Msiende. Mapazia mtapata kwingine.