Makadeti ndani ya ndege ya doria Aurora, Greenwood: mwacheni mtoto aende

Wazazi wenzangu wa Nova Scotia, Kanada, wenye watoto kwenye makadeti wa anga, yaani mpango wa vijana wa mambo ya anga, kikosi chao kikitangaza safari ya kambi ya jeshi la anga ya Greenwood, tieni saini ile fomu siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda na binti yangu kama mzazi msimamizi, na ningeenda tena kesho.

Ndege yenyewe ni CP-140 Aurora, ya doria ya baharini, inayotumiwa na Jeshi la Anga la Kanada tangu 1980. Ina injini nne za pangaboi, na nyuma imechomoza mchomozo mrefu kama mwiba wa samaki taa. Mle ndani mna kifaa kinachohisi chuma cha nyambizi kinavyovuruga usumaku wa dunia.

Ngazi ni kali, mwenye magoti mabovu asubiri chini. Ndani ni pembamba, madirisha ya kuhesabu, mitambo na skrini kila upande. Ila utamu wa ziara ni wale wanajeshi. Hawakuwahutubia watoto, waliwakalisha kwenye viti vyao vya kazi. Binti yangu alivishwa vipokea sauti, akaelezwa namna maboya yanavyodondoshwa baharini, yakaelea, yakashusha kinasa sauti majini na kurusha kila mlio kwa redio hadi kwenye kiti kile alichokalia. Akauliza kama ni kweli marubani huzima injini angani. Kweli: kwenye doria ndefu huweza kuzima moja ya pembeni ili kuokoa mafuta. Akajibiwa kwa utulivu kabisa, kama mtu mzima. Hapo ndipo nilipoipenda ziara hii.

Mkumbuke pia kwamba Juni 2023, chombo cha kuzamia baharini cha Titan kilipopotea kwenye Atlantiki, Aurora ya Kanada ilikuwa miongoni mwa waliotafuta, kwa maboya hayo hayo. Kwa mtoto aliyefuatilia habari ile, ndege hii si chuma tu.

Najua hofu ya wengi wetu: "Mwanangu atachukuliwa jeshini." Hapana. Makadeti ni watoto wa miaka 12 hadi 18, si wanajeshi, na hawafungwi na ahadi yoyote ya kujiunga na jeshi baadaye. Kujiunga hakuna ada. Ningetamani ndugu zetu wengi zaidi walijue hili.

Mkipata nafasi, piteni pia kwenye jumba la makumbusho la anga hapo hapo Greenwood, mwone Argus, ndege iliyofanya kazi hii kabla ya Aurora. Na msichelewe, maana Novemba 2023 serikali ilitangaza kununua ndege mpya za doria aina ya Poseidon, hadi 16, zichukue nafasi ya Aurora.

Mvalisheni koti zito, upepo wa pale uwanjani haucheki na mtu. Na aandike maswali yake kabla ya kutoka nyumbani, wale watu wanajibu.