ANTLR 4 au Bison: zana ipi ya kuzalisha kichanganuzi?

Anayeunda lugha yake ya programu, hata ikiwa ndogo yenye maneno machache kama vile «kama», «sivyo» na «andika», hulazimika mapema kuamua iwapo ataandika kichanganuzi (programu inayosoma maandishi na kutambua muundo wake) kwa mkono au ataandika sarufi na kuiachia zana izalishe kichanganuzi hicho. Kwa njia ya pili ninapendekeza ANTLR 4 ya Terence Parr, iliyotoka mwaka 2013, ingawa ina kasoro moja ambayo Bison, zana kongwe ya mradi wa GNU, haina.

Ubora wake huonekana kwenye hesabu za kawaida. Chukua kanuni hii, ambamo alama | ina maana ya «au»:

hesabu : hesabu '*' hesabu | hesabu '-' hesabu | NAMBA ;

ANTLR 4 huipokea kama ilivyo, huipa kuzidisha kipaumbele kwa sababu kumetangulia kuandikwa, na 10 - 4 - 3 huleta 3 kama inavyostahili. Bison ikipewa kanuni hiyohiyo kwa mwandiko wake hutoa onyo la migongano minne, yaani mahali ambapo sarufi inaruhusu njia zaidi ya moja, kisha huzalisha kichanganuzi kinachokokotoa 4 - 3 kwanza na kuleta 9, mpaka mwandishi atangaze mwenyewe kwa %left mpangilio wa alama zake. Kwa mwanafunzi anayeanza, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Jambo lililonivutia zaidi katika ANTLR ni ujumbe wa makosa. Kwa kuandika upya mbinu moja tu, syntaxError, mwandishi anaweza kumwambia mtumiaji kwamba «mstari wa 3, nukta-mkato imesahaulika kabla ya neno andika», badala ya kumwachia Kiingereza kilichomo ndani ya zana. Lugha yenye maneno ya Kiswahili ikimsemesha mtu kwa Kiingereza pale pale anapokwama, inakuwa imemtupa.

Kasoro yenyewe ni ukimya. Andika «kama a kama b x sivyo y»: je, «sivyo» ni ya «kama» ya kwanza au ya pili? ANTLR huchagua ya pili bila kusema neno, ilhali Bison huonya wakati wa kuzalisha, na tangu toleo la 3.7 ukiiwasha kwa -Wcounterexamples hukuonyesha hata mfano wa sentensi yenye utata. Katika sarufi ndefu, onyo la namna hiyo huokoa siku nzima ya kazi.

Zote mbili hazilipiwi. ANTLR huhitaji Java wakati wa kuzalisha, na kichanganuzi chake hubeba maktaba ya ziada, lakini huweza kuzalishwa kwa Python, Go, C# na lugha nyingine, wakati Bison imejikita kwenye C, C++, D na Java. Atakayechagua ANTLR aambatanishe DiagnosticErrorListener na kuwasha hali ya LL_EXACT_AMBIG_DETECTION tangu siku ya kwanza ya majaribio, kwa kuwa kwa pamoja ndizo zinazotaja sehemu zenye utata wakati maandishi yanapochanganuliwa.