Dramu ya klachi ya chensoo: ya pete inaizidi ya meno ya kudumu

Madukani Tabora mjini, dramu ya klachi, yaani kikombe cha chuma kinachozungusha cheni, kwa chensoo za ukubwa wa Stihl MS 381 huja kwa sura mbili. Moja meno yake yameumbwa pamoja na dramu. Nyingine ina kitovu chenye mifereji, na juu yake huvalishwa pete ya meno saba inayochomoka. Kwa anayepasua mninga au mkurungu kila siku, ya pete ndiyo ya kununua. Meno huisha mapema kuliko dramu, na yakiisha unabadili pete tu.

Ya bandia si mbaya kwa sababu ni ya bandia, ila usiipokee ikiwa bado kwenye mfuko. Ivalishe beringi yake palepale kaunta, uizungushe kwa kidole na uangalie ukingo: ukiyumba, rudisha. Pitisha tupa kwenye jino moja. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, ikiuma kirahisi, meno hayo hayatamaliza hata cheni moja. Kagua pia pale kitovu kinapoungana na kikombe, maana dramu nyingi za bei rahisi hupasukia hapo. Nenda na pete ya zamani: tundu la ndani lina saizi zaidi ya moja, na ya mm 17 haiingii kwenye kitovu cha mm 19. Cheni nayo ipime. Umbali wa ripiti tatu mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, ukiwa mm 19, ni ya inchi 3/8. Ukikaribia mm 20.5, ni ya inchi 0.404, na pete yake ni nyingine kabisa.

Kufunga si kazi ya fundi mkubwa. Vuta kwanza kinga ya mkono kuelekea mpini ili breki iachie, la sivyo bendi yake itaing'ang'ania dramu na utadhani imeganda. Fungua kifuniko, toa upanga (bapa linalobeba cheni) na cheni. Funika klipu ya shafti kwa kitambaa kabla ya kuichokonoa na bisibisi. Ikiruka kwenye maranda huioni tena. Toa washa (kisahani chenye tundu), dramu, kisha beringi. Beringi ya zamani usiirudishe kwenye dramu mpya: vijiti vyake vikishaliwa, dramu huyumba na kula bendi ya breki. Futa shafti, paka grisi kidogo kwenye beringi mpya, kidogo kweli, maana ikizidi huvuja hadi kwenye viatu vya klachi na mashine inaanza kuteleza.

Wengi huharibu mwishoni. Kwenye mashine ambazo pampu ya oili huendeshwa na dramu, kuna waya mdogo unaotakiwa kuzama kwenye mkato wa dramu. Itikise dramu huku na huku mpaka ikae yenyewe. Ukilazimisha klipu waya ukiwa nje, cheni itakata bila oili na upanga utaungua siku hiyohiyo. Baada ya kufunga, elekeza ncha ya upanga kwenye gogo jeupe na uongeze moto: mstari wa oili lazima uonekane.

Dramu iliyogeuka bluu imechemka, na chanzo mara nyingi ni kukata breki ikiwa imeshikwa, au cheni butu inayolazimishwa kwenye mti mkavu. Cheni ikizunguka mashine ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kuongezwa moto, punguza kwanza skrubu ya sailensa. Isiposimama, springi za klachi zimelegea na dramu mpya haitasaidia. Kuzifikia, jaza kamba safi kwenye tundu la plagi ili pistoni isimame, kisha fungua klachi kwa kuizungusha upande wa saa, kwa kuwa nyuzi zake ni za kushoto.

Kuchomelea dramu iliyopasuka, jambo ambalo bado linafanyika kwenye karakana nyingi, ni kutupa hela. Joto hulegeza chuma na kupinda duara, na kipande kinaweza kuruka. Dramu ambayo ukuta wake umebaki chini ya asilimia 80 ya unene wa awali nayo ni ya kutupa. Pete ibadilishe kila baada ya cheni mbili, au mfereji uliolika kwenye jino ukifika kina cha mm 0.5.